Mboga za Ukurasa wa Tisa

Watoto wa darasa la awali hawadanganyi kuhusu chakula. Watadanganya nani kampiga nani, nani kavunja chaki, nani kajikojolea, lakini ukiwauliza jana walikula nini watakutajia hadi ukoko. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuambiwa. Niliambiwa kila asubuhi kwa karibu miezi minne, na mtoto wa miaka sita aliyesimama mbele yangu mikono nyuma, na kila alipomaliza kusema nilimchorea nyota ya wino mkononi.

Shule yetu iko upande wa machimbo, mwendo wa pikipiki kutoka Mkwajuni. Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Mbozi, kwenye kahawa na ukungu, ambako ukisahau kijiti ardhini kesho unakikuta na majani. Nilipopangiwa kazi huku bondeni nilinuna mwezi mzima. Joto, vumbi, na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu tangu kuche mpaka kuchwa, hata ukawa unafundisha irabu kwa kupiga kelele. Lakini kilichonikera kuliko vyote ni matumbo ya watoto. Nilipeleka karoti darasani siku ya kwanza, mmoja akaniuliza kama ni muhogo uliopakwa rangi. Wenzake hawakucheka, maana nao walikuwa wanasubiri jibu.

Nina hasira za karibu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nikikasirika nafanya kazi ya watu watatu na kuharibu ya watu wanne. Siku ile nilikasirika, nikaanza kazi.

Vitabu vya picha vilitufikia ndani ya boksi kutoka kwa wafadhili ambao hatukuwahi kuwaona. Vilikuwa nakala tano za kitabu kimoja, karatasi ngumu, rangi zinazong'aa. Mtoto wa kike na mama yake wanalima bustani nyuma ya nyumba, wanapanda, wanamwagilia, wanachuma, wanapika, wanakula. Basi. Mwalimu mkuu alitaka vifungiwe kabatini visichafuke. Nikamwambia kitabu cha watoto kisichochafuka ni kalenda ya ofisini, nikavibeba vyote.

Ukurasa wa tisa ndio walioupenda. Mama wa kitabuni, mwenye tumbo kubwa la ujauzito, amesimama jikoni ameshika kikaango kinachowaka kwa kung'aa, na ndani yake mboga za kijani kibichi. Chini pameandikwa kwamba mboga zikaangwe kidogo tu, zisichemshwe hadi zikapoteza rangi, na kwamba mama akila mboga, mtoto aliye tumboni naye anakula mboga. Nilisoma ukurasa ule labda mara mia. Niliwafanya waigize. Mmoja alijifunga sweta tumboni awe mama, mwingine akawa mboga, na wa tatu, kwa kuwa ndiye mnene, akawa kikaango.

Aliyekichora kitabu kile ana jiko lenye kila kitu. Ningepaswa kulifikiria hilo. Huku kwetu nyumba nyingi zina sufuria mbili, ya ugali na ya mboga, na mboga zinachemshwa mpaka zinakuwa rangi ya sare za jeshi. Mimi niliona huo ndio ujinga wa kuondoa. Nikasimama mbele ya watoto thelathini na kitu nikawaambia mboga iliyochemshwa hivyo imekufa, na maiti hailiwi. Walipenda sana maneno hayo, wakaenda nayo makwao, na mama wawili walikuja shuleni kunilalamikia kwamba nawatukania sufuria.

Bustani tuliilima nyuma ya darasa. Matuta sita, mchicha, chainizi, mnafu, karoti. Na hapa nataka niseme kwa haki yangu kwamba sikuwa mjinga kabisa. Kuna dimbwi chini ya shule ambako wachimbaji huoshea unga wa mawe, maji yapo mwaka mzima, na kila mzazi alinishauri tumwagilie kwa hayo. Nilikataa. Nilijua wanayoyatia mle. Wachimbaji huchanganya unga wa mawe na zebaki, wao wanaiita mekyuri, ile dawa nzito ya rangi ya fedha inayokimbiakimbia kama shanga. Zebaki inakamata dhahabu, halafu donge lile linachomwa motoni, zebaki inapaa hewani, dhahabu inabaki. Mtu wa afya aliwahi kuja kijijini kutuambia ni sumu, kwa mjamzito kuliko kwa mtu yeyote, na wachimbaji walimsikiliza kwa heshima wakarudi kazini. Kwa hiyo watoto wangu waliteka maji kisimani, mbali, kwa vidumu vya lita tatu, na yeyote aliyesogelea dimbwi alinijua mimi ni nani. Nilijiona mlinzi hodari. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nakodolea macho dimbwi.

Mtoto ninayemsema alikuwa mdogo wa umbo, sauti ya chini, mwenye tabia ya kukuangalia mdomoni unapoongea. Hakuwa na kaka wala dada. Baba yake alikuwa na shimo lake la dhahabu, yeye na wenzake watatu. Mama yake alikuwa mjamzito, na mimba mbili katikati zilikuwa zimeharibika, jambo ambalo mtoto alinieleza waziwazi huku akichomoa magugu. "Wawili walikataa kuja," aliniambia. "Huyu mama anasema atakuja." Nilimwambia atakuja, na kwamba yeye kama dada ana kazi ya kumlisha kuanzia sasa, kama mtoto wa kitabuni.

Nakumbuka alivyoacha kung'oa magugu. Aliniuliza anamlishaje mtu aliye tumboni, nikamfungulia ukurasa wa tisa pale pale kwenye tuta.

Mchezo wa nyota niliubuni mimi, hakuna wa kumlaumu. Kila asubuhi mtoto aliyekula mboga za kukaanga nyumbani alipata nyota mkononi. Mwenye nyota nyingi Ijumaa alikwenda na kitabu kwao hadi Jumatatu, pamoja na fungu la mboga kutoka bustanini. Watoto wanapenda kushinda, na mimi napenda kuwashindanisha. Wiki ya kwanza yule binti hakupata hata nyota moja. Wiki ya pili hakupata. Nilimwambia, kwa utani lakini mbele ya wenzake, kwamba mdogo wake huko ndani atazaliwa ananung'unika njaa. Alitazama chini. Wiki ya tatu akaja Jumatatu mikono nyuma akasema, "Mwalimu, mama amekaanga chainizi. Amekaanga kwenye kikaango."

Nikamchorea nyota. Wenzake wakampigia makofi. Kuanzia siku hiyo hakukosa.

Sikumuuliza kikaango kimetoka wapi. Nani anauliza kikaango kimetoka wapi?

Miezi ile ilikuwa mizuri kwangu. Watoto walianza kung'aa ngozi. Wazazi wakanipa jina, mwalimu wa mboga, kwa kejeli kwanza, halafu kwa upendo. Yule binti alikwenda na kitabu kwao karibu kila Ijumaa, amekibeba kichwani na fungu la mchicha juu yake, na Jumatatu alinirudishia na ripoti. Mama amekula. Mama amekula zote. Mama alisema ameshiba nikamwambia tonge moja la mtoto, akala.

Siku moja katika ripoti akasema, "Mama anasema mboga zina ladha ya sarafu."

"Ya sarafu?"

"Mdomo wake hata asipokula unakuwa na sarafu."

Nikacheka. Nikawageukia watoto wote, maana sipotezi nafasi ya kufundisha, nikawaambia kwamba mboga za kijani zina madini ya chuma, ndiyo yanayoongeza damu, na mama mwenzenu ameanza kuyasikia mdomoni. Nikawauliza madini gani, wakajibu kwa pamoja, ya chuma. Binti yule alitabasamu hadi nikaona pengo la jino lililong'oka. Jioni alimpelekea mama yake maelezo yangu kama alivyoyapokea, na mama yake akatulia.

Wiki chache baadaye aliniambia mama hapati usingizi, na mikono inamcheza. Nikasema mimba ikikua ndivyo. Mimi nimezaa mara mbili, nikajipa cheo cha daktari.

Ilikuwa mwezi wa nane nilipoamua tutengeneze kitabu chetu wenyewe. Kile cha wafadhili kilikuwa kimechakaa, kurasa zimejaa vidole vya udongo. Niligawa karatasi na kalamu za rangi, kila mtoto achore jiko la kwao na mboga zinavyopikwa, nishone kurasa zote pamoja, iwe bustani yetu, chakula chetu. Darasa likawa kimya, kimya ambacho kwa watoto wa miaka sita unaweza kukisikia. Nikapita nyuma ya migongo yao nikisifia.

Nilipofika kwake nilisimama. Alikuwa amechora vizuri kuliko wenzake. Katikati kuna jiko la mkaa na juu yake kikaango kimoja kikubwa. Kulia kwa kikaango mama mwenye tumbo. Kushoto mwanamume amechuchumaa. Ndani ya kikaango, upande wa mama, alipaka kijani. Upande wa baba alipaka njano, na kuizunguka njano ile aliweka nukta nyingi za penseli, moja moja, kwa uangalifu.

"Baba naye anapika?" nilimuuliza. Nilidhani ni utani mzuri.

"Baba anachoma dhahabu."

"Kwa hiyo kuna vikaango viwili."

"Hapana, mwalimu, ni kimoja. Baba akimaliza mama anakipokea."

Nilichuchumaa. Nilimuuliza zile nukta ni nini. Akaniambia ni shanga zinazobaki kwenye ukingo, zinacheza ukitikisa, yeye huruhusiwa kuzitikisa kabla mama hajaweka mafuta. Alisema hayo kwa sauti yake ya chini, akiniangalia mdomoni, anasubiri nimsifie.

Nilimsifia. Nilisema amechora vizuri, nikamchorea nyota, kwa sababu kila mtoto aliyemaliza nilikuwa nimemchorea na asingeelewa kwa nini yeye nimruke.

Sikusubiri kengele. Nilimwachia mwalimu wa darasa la kwanza watoto wangu nikaenda kwao kwa miguu, jua la saa tano likinipiga utosini. Mama yake alikuwa uani anapepeta mahindi. Tulisalimiana kwa Kinyiha, na aliposikia lafudhi yangu ya Mbozi alifurahi, akanitolea kigoda. Tumbo lilikuwa la miezi saba au zaidi. Aliweka ungo chini, na niliona mikono yake inatetemeka hata ikiwa mapajani.

Nilimwomba anionyeshe kikaango. Hakushangaa hata kidogo. Pengine alidhani nimekuja kukikagua, kwa sifa nilizozisikia. Alikileta kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, cha chuma, cheusi nje, na ndani kimefifia kama kioo chenye pumzi. Nilikigeuza juani. Kwenye pembe ya mshikio, ndani, palikuwa na chembe mbili ndogo za fedha. Nilikitikisa kidogo, zikasogea.

"Huwa unakiosha, mama?"

"Nakisuuza kwa maji, nafuta na kitambaa. Sabuni hapana. Mume wangu amekataza."

"Kwa nini?"

"Wanasema kikaango kilichokwisha kutoa dhahabu nzuri kina nyota. Ukikiosha kwa sabuni dhahabu inakimbia."

Basi nikaanza kuuliza yote niliyopaswa kuuliza miezi minne nyuma, naye alinijibu moja baada ya jingine, bila haraka. Kikaango kile zamani kilikaa kwenye banda la zana, nje, na mume wake alichomea donge huko nyuma ya banda, upepo ukachukua. Yeye alikuwa hakigusi. Mboga alichemsha kwenye sufuria, siku alizokuwa nazo. Kisha binti akaanza kulia kila akitoka shule, kwamba mwalimu anataka kikaango, kwamba mtoto tumboni atazaliwa ananung'unika, na ndani ya nyumba kikaango kilikuwa hicho kimoja. Mume akakubali mradi sabuni isiguse. Kikahamia jikoni. Na kwa kuwa sasa kilikuwa jikoni, na moto wa mkaa uko tayari, mume akaona asijisumbue kwenda nyuma ya banda, tena nje kuna macho ya watu. Akawa anachomea humo humo, mlango umefungwa, mke wake akisubiri pembeni na mboga zimekatwa.

Nilimweleza. Sikujua namna ya kumweleza taratibu, nina mdomo wa darasani, nikasema ni sumu, kwamba inapanda na moshi na inabaki kwenye chuma, kwamba sarafu aliyoisikia mdomoni haikuwa mboga. Nilimwambia asikiguse tena, asikae ndani wakichoma, aende kliniki kesho asubuhi. Yeye alikuwa ameshika tumbo lake kwa viganja vyote viwili, chini, namna ya kubeba kitu kisianguke.

Kuku waliyafikia mahindi kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Mimi mboga hata sizipendi," alisema mwishowe. "Nilikuwa nakula kwa ajili yake. Anasimama mlangoni ananiangalia mpaka nimalize."

Nilisubiri anilaumu. Ningependa anilaumu, ningepata pa kushika. Aliniambia kitu kimoja tu, na alikisema akinitazama usoni. "Mwalimu, haya mtoto asiyajue."

Nikaapa.

Baba yake nilimkuta jioni ile ile, alipotoka shimoni. Mtu mpole, mstaarabu, aliniita mwalimu kila baada ya maneno matatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nisikudanganye. Mimi mekyuri nimeishika tangu kijana. Tunaifinya kwa kitambaa, kwa mikono hii. Mbona mzima?" Mke wake alikuwa amempa chai, naye alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akakiinamia kwa mdomo badala ya kukiinua. Mkeka ulikuwa umelowa chai pale alipokaa. Hata hivyo alikuwa na hofu kuliko alivyotaka nione, maana alisimama akakichukua kikaango mwenyewe akakirudisha bandani, na siku iliyofuata nilipowapelekea kikaango changu cha nyumbani, alikuwa amekwisha kumwambia mke wake akipokee.

Kliniki walikwenda. Nilikwenda nao, nikamsimulia muuguzi mimi mwenyewe kwa sababu mama alikuwa anaona haya. Muuguzi aliacha kuandika. Alimpima damu, ikawa nyingi na nzuri, akasikiliza moyo wa mtoto, ukawa unapiga vizuri. Akatuambia kipimo cha zebaki hapo hakipo, pengine hospitali kubwa Mbeya, na hata wakiiona, kilichokwisha kwenda kwa mtoto hakivutwi nyuma. La muhimu asiendelee. Halafu alimtazama mama kwa huruma akasema, "Watoto wengine wanapita salama. Tumwombe Mungu." Tulipotoka nje mama aliniuliza kama kusema wengine wanapita salama maana yake ni kwamba wengine hawapiti. Nilimwambia ndiyo. Hapo sikuweza kudanganya.

Darasani niliacha mchezo wa nyota. Watoto walidhani wamenikosea. Ukurasa wa tisa niliuchana kwenye nakala zote tano, moja baada ya nyingine, ofisini peke yangu, na nilipowasomea tena kitabu waliniuliza mbona mama anachuma mboga halafu ghafla wanakula. Nikawaambia panya wamekula ukurasa. Yule binti hakuuliza. Aliusoma kwa kichwa, neno kwa neno, pale ambapo haukuwepo, na wenzake wakamsikiliza.

Kila siku nilimwona nikahesabu miezi. Nilimwangalia mikono yake akishika penseli. Nilimwangalia anavyotembea. Yeye mikono yake ilikuwa imetulia, namshukuru Mungu, na hilo ndilo jambo pekee la mwaka ule ninaloweza kulishika bila kuungua. Alizidi kunipa ripoti ingawa hakuna nyota tena. Mama sasa anakula mchicha kwenye kikaango cha mwalimu. Mama halali bado.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, wa kiume, kilo tatu na kidogo, akalia mara moja. Nilipopata habari nilikaa kwenye benchi la nje ya ofisi nikalia kwa sauti, mwalimu mkuu akanifungia mlango ili watoto wasinione. Siku ya kwenda kumwona, nyumba ilikuwa imejaa kinamama, na bibi wa mtoto, aliyekuja kutoka Itaka na kikapu cha ndizi, alinishika mikono mbele ya wote. Alisema mkwe wake mimba mbili zilimtoka, hii imekaa, na daktari alisema damu ilikuwa ya kutosha, na yote ni kwa sababu ya mwalimu wa mboga na vitabu vyake. Wakanipigia vigelegele. Mama wa mtoto alikuwa amelala ubavu kitandani. Macho yetu yalikutana juu ya mabega ya watu, na yeye naye akapiga kigelegele, kidogo, akajifunika.

Nilimbeba yule mtoto. Alikuwa mzuri, mikono minene, nywele nyingi. Nilimsogeza dirishani kwenye mwanga. Macho yalikuwa wazi, yametulia mahali pamoja, nikajisemea watoto wachanga wote ndivyo walivyo, na ndivyo walivyo kweli. Nilisogeza kidole changu kushoto, nikakisogeza kulia. Bibi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu.

Alipofika miezi miwili alikuwa hajaanza kucheka. Alipofika minne shingo ilikuwa bado inaanguka nyuma kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Muuguzi yule yule alituandikia barua ya kwenda Mbeya, safari hii wakaenda, wakarudi na daftari lenye maneno marefu na tarehe ya kurudi tena. Mama aliniambia daktari aliuliza mambo mengi, uchungu ulichukua muda gani, ukoo una ugonjwa gani, na alipomtajia kikaango aliandika pia, lakini alisema haiwezekani kusema kwa hakika ni kipi. Nimeshikilia maneno hayo. Inawezekana ni moshi wa miaka yote ile. Inawezekana ni kitu kilichozuia wale wawili wa mwanzo wasije. Inawezekana ni kitu kingine kabisa, kisicho na ukurasa. Nayarudia haya ninapomwagilia bustani, na hayajawahi kunitosha hata kwa tuta moja.

Binti sasa yuko darasa la kwanza. Darasa lao liko mkabala na langu, na wakati wa mapumziko huja kunisaidia kung'oa magugu, bila kuitwa. Mwezi uliopita alikuja akachuchumaa karibu yangu kwenye tuta la karoti. Alifanya kazi kidogo, kisha akaacha, akaniangalia mdomoni.

"Mwalimu, mtoto wetu ametimiza miezi saba."

"Najua, mwanangu."

"Hakazi shingo. Mama anasema ni mvivu, lakini analia akisema hivyo." Alifuta udongo viganjani kwenye sketi. "Alipokuwa tumboni nilimlisha kila siku. Sikukosa hata siku moja, wewe uliona. Nadhani sasa ameachishwa mboga ndiyo maana. Nimpe zipi ili akaze?"

Hapo nilipaswa kumwambia kitu. Nilikuwa nimeapa, na hata kama nisingeapa, sijui mtu anaanzia wapi. Aliniangalia kwa imani ile ile ya siku nilipomfungulia kitabu.

"Maboga," nilimwambia. "Yamenye, yachemshe kwenye sufuria mpaka yalainike kabisa, umpondee."

"Yasikaangwe?"

"Yasikaangwe."

Akarudia maneno yote mara moja ili asisahau, akainuka akaenda kuwahi kengele.